Sindano Isiyoliza

Jumatatu, Machi 3

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili tuligawiwa kwenye semina ya usafi wa masoko, likakaa kabatini mpaka panya wakaonja kona moja. Mtu wa umri wangu, mjane, mwenye mwana mmoja tu, naye dereva wa safari ndefu, akiwa na la moyoni atamwambia nani? Majirani wana midomo. Daftari halina.

Kazi yangu ni chanjo. Idara yetu ya afya iko nyuma ya soko, vyumba vinne na baraza moja refu. Chumba cha kwanza wanapima maji ya visima. Cha pili wanakaa wakaguzi wa mikahawa na machinjio, watu wakiwaona wanakuja wanafunika masufuria mbio. Cha tatu ni cha vizazi na vifo, mtu anaandikwa anapokuja duniani na anapoondoka. Cha nne kina friji ya chanjo, na mbele yake, barazani, ndipo lilipo benchi langu. Nusu ya mji huu nimeichoma mimi. Hata yule askari wa njia panda anayejifanya mkali, nikimpita nacheka moyoni, maana namkumbuka alivyonikojolea.

Wananiita Mama Sindano. Kauli yangu kwa wazazi ni moja: mchelea mwana kulia hulia yeye. Mshike mkono, mbane miguu, nachoma, analia, yamekwisha.

Sasa Bwana Afya, mkuu wetu, katangaza kwamba keshokutwa analetwa mchanjaji wa pili. "Utapumzika kidogo, mama," kaniambia. Nani kamwambia nimechoka?

Jumatano, Machi 5

Jumatano ndiyo siku ya watoto. Mgeni kaja. Nilitegemea kasichana kalikotoka chuo juzi, kumbe jibaba! Limejaa mlango mzima, mikono kama mabeleshi. Nikasema moyoni, huyu leo anavunja mtoto wa watu bega.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Benchi lako lile kule, chini ya dirisha linalovuja."

Sikumdanganya, linavuja kweli.

Mtoto wa kwanza alikwenda kwake kwa sababu foleni yangu ilikuwa ndefu. Jibaba likainama, likamwambia mama mtu, "Mkumbatie tu, usimbane." Kisha likamwambia mtoto, "Hebu nipulizie chai yangu, ina moto." Mtoto akajaza mashavu, fuu, fuu. Hajamaliza kupuliza, sindano imeshaingia, imeshatoka, imeshatupwa. Mtoto akabaki anaitafuta hiyo chai. Hakulia.

Mama yake akautazama mkono wa mtoto, akamtazama yule mtu. "Umeshachoma?"

"Nimeshachoma."

"Weee! Jamani, huu si mkono, ni unyoya!"

Kufika saa sita jina limeshamganda: Unyoya. Hilo la kwangu lilinichukua miaka.

Alhamisi, Machi 6

Mvua. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tusubiri.

Jumatano, Machi 12

Nimesubiri. Leo foleni yake imezunguka baraza mpaka kwenye mlango wa vizazi na vifo. Kwangu wamekaa watatu, mmoja alikuja kuuliza choo kiko wapi.

Mama Pacha kanipita hivi hivi. Huyu anauza mitumba sokoni, ana mapacha wa kiume, na mdomo wake hauhitaji kipaza sauti. Alipoona namtazama akanishika bega. "Mama Sindano, usinielewe vibaya, wewe ni wetu wa siku zote. Ila leo sina nguvu za makelele."

Makelele! Hao mapacha wako wanatembea kwa sababu ya makelele yangu.

Nilijitia shughuli ya kupanga pamba. Nikazipanga, nikazipangua, nikazipanga tena. Upande wa pili, fuu, fuu, fuu, baraza zima linapuliza chai isiyokuwepo. Tena watu wanacheka. Tangu lini watu wakacheka kwenye chanjo?

Jumamosi, Machi 15

Nimekwenda kwa mwanangu. Mwenyewe yuko safarini, nilimkuta mkwe na mjukuu. Mjukuu wangu ana miaka mitatu na hanyamazi, ndiyo maana tunamwita Kasuku. Nilimbebea mdoli wa kitambaa nilioushona mwenyewe, una nywele za uzi mweusi.

Mlango ulikuwa wazi. Kabla sijapiga hodi nikamsikia mkwe ndani: "Kula, Kasuku. Kula, la sivyo namwita Bibi aje na sindano!"

Nikasimama pale na mdoli wangu mkononi.

"Hodi."

"Eh! Mama! Karibu, shikamoo, hata sikukusikia."

Kasuku aliponiona alitupa kijiko akaingia chini ya kitanda. Nikapiga magoti, magoti haya haya yanayolia mvua ikinyesha. Nikamwona kule gizani, macho tu.

"Una sindano, Bibi?"

"Sina, mke mwenzangu. Njoo unipekue."

Mtoto aliyekuwa anaongea mpaka na kuku, kwangu kanyamaza. Hakutoka. Mdoli nikausukuma chini ya kitanda, akauvuta kwa mguu.

Mkwe aliona aibu. Akasema, "Ni maneno tu, mama. Mtaa mzima tunawatisha hivyo watoto. Kula, atakuja Mama Sindano. Lala, atakuja Mama Sindano. Hata hawajui ni wewe." Alidhani ananifariji. Kumbe mimi ni zimwi la mtaa mzima, na wa kwangu wa damu ndiye anayejua kabisa kuwa ni mimi.

Jumatano, Machi 19

Nimepata dawa ya roho yangu. Nitamchunguza Unyoya.

Mtu mwenye mikono ile hawezi kuchoma asiumize, kuna mahali anadanganya. Ama hafiki kunakotakiwa, ama anaibakiza dawa kwenye bomba. Leo nimemkodolea macho tangu asubuhi. Kila kichupa anakitazama alama yake kwanza, kama chanjo imepata joto. Anachanganya dawa, anaandika saa juu ya kichupa. Anachoma pale pale panapotakiwa. Anasukuma mpaka mwisho, na nimeisogelea ndoo ya sindano zilizotumika nikajifanya natafuta kifuniko: zote zimejifunga. Sindano zetu hizi hazijifungi kama dawa haijaisha.

Basi, ndiyo kwanza siku ya kwanza. Mwizi siku zake arobaini.

Ijumaa, Machi 21

Mto umejaa, visima vya chini vimeingiwa na maji machafu. Idara nzima tumemwagwa mitaani kugawa vidonge vya kusafishia maji. Nikapangwa na nani? Na yeye.

Tulipofika nyumba moja, mtoto kaniona getini akakimbilia ndani akipiga kelele. Kasikia sauti ya Unyoya, karudi mbio anapuliza. Wanawake wakacheka, wakamletea yeye kiti. Nilibeba mfuko wa vidonge, yeye akabeba sifa.

Njiani kaninyooshea mwavuli wake. Kasema, "Mama, wewe utaumwa." Nikamwambia siumwi ng'o. Nimerudi nimelowa mpaka mfupa, napiga chafya kama mbuzi.

Jumatano, Machi 26

Leo nimejaribu. Nitaandika, lakini sitasema kwa mtu.

Mtoto wa mwisho kwenye foleni yangu, mnene, mashavu kama maandazi. Nikainama. "Hebu nipulizie chai yangu, ina moto." Akanitazama. Nikacheka, ili nionekane mwema. Sijui nilichekaje. Mtoto alijaza mashavu, akanitemea mate usoni, kisha akalia kabla hata sijashika pamba. Mama yake akasema, "Samahani, Mama Sindano, ila ungechoma tu kama kawaida yako."

Upande wa pili Unyoya alikuwa ananitazama. Hakucheka. Angecheka ningemchukia vizuri zaidi.

Jumatatu, Machi 31

Surua imeonekana Bondeni, ng'ambo ya mto. Watoto wanne, macho mekundu, kikohozi, homa ya kuchoma. Bwana Afya katuita wote, hata wakaguzi wa mikahawa, na hakukaa kitini.

Kampeni inaanza keshokutwa. Kila mtoto aliye chini ya miaka mitano sindano moja, hata kama alishachanjwa zamani. Akichomwa anapakwa wino kidole kidogo ili asirudi mara mbili. Bondeni hatuwezi kufika, daraja limefunikwa na maji, kwa hiyo fungu lao la chanjo limewekwa pembeni kwenye friji. "Fungu hili asiliguse mtu," kasema. "Nyingine haziji karibuni, barabara zimekatika. Daraja likitokeza tu, tunakwenda."

Hapo sikumfikiria Unyoya hata kidogo. Nimewahi kuona surua ikiingia mahali pasipo na chanjo.

Jumatano, Aprili 2

Gari la matangazo limezunguka tangu alfajiri, uwanja wote umejaa miavuli. Nilichoma mpaka kidole gumba kikafa ganzi, kwa hiyo hata kwangu walikuwepo, foleni ilikuwa kubwa mno kuchagua. Mama Pacha alikata shauri: pacha mmoja kwangu, mmoja kwa Unyoya, amalize upesi arudi sokoni. Wangu alilia mpaka akatapika. Wa Unyoya akapuliza chai.

Kisha nikamwona mkwe anaingia na Kasuku mgongoni. Nikafuta benchi. Nikaficha sindano nyuma ya kisanduku cha baridi, nikavua hata miwani, maana labda ni miwani inayowatisha.

Alinipita. Alinipungia mkono, tena kwa heshima zote, "Shikamoo mama, pole na kazi," akaenda kusimama mwisho wa foleni ya Unyoya, kwenye mvua, wakati kwangu palikuwa na nafasi. Alisimama mpaka nguo zikalowa. Nikasikia, fuu, fuu. Nikasikia kicheko, na kicheko cha Kasuku nakijua hata kwenye umati. Akapakwa wino, akakinyanyua juu kidole chake, akamwonyesha Unyoya, akamwonyesha na mlinzi wa geti.

Mimi hakunionyesha.

Roho iliniuma, na sioni haya kuandika. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema. Mwenye wivu ana watoto themanini wa kuchoma kabla ya saa kumi, atajinyonga saa ngapi?

Alhamisi, Aprili 3

Mvua. Unyoya. Mvua.

Jumatano, Aprili 9

Daraja bado. Namvizia bado. Kosa sijaliona. Siku hizi wakati mwingine nasahau kuwa namvizia, najikuta namtazama tu, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa fundi anayejua kazi. Ala! Nikajikemea, nikarudi kwenye pamba zangu.

Ijumaa, Aprili 11

Mama Pacha kaingia asubuhi anapiga kelele tangu getini, pacha mmoja kamkamata mkono. "Surua! Mtoto wangu ana surua! Huyu ni yule aliyechomwa na Unyoya! Mwenzake aliyelia hana kitu!"

Nilimsogeza mtoto kwenye mwanga. Vipele vyepesi kifuani, joto kidogo. Macho meupe. Hakohoi. Alikuwa ameshika muhogo anautafuna. Kila mchanjaji anajua, wiki moja baada ya chanjo hii baadhi ya watoto hupata kijijoto na vipele, siku mbili tatu vimekwenda. Ni mwili unajifunza. Si surua hata kwa mbali.

Unyoya akasema hivyo hivyo, taratibu, mikono imekaa magotini. Mama Pacha hakumsikiliza. Akawageukia wanawake. "Mimi nilijiuliza tangu siku ile! Sindano gani haiumi? Haikuingia! Dawa ilibaki nje ya ngozi! Ya Mama Sindano inaingia mpaka kwenye mfupa, ndiyo maana wanalia!"

Wakanigeukia wote. "Eti, Mama Sindano?"

Nilikuwa na maneno. Yalikuwa hapa, kooni. Nikasema, "Mpeleke nyumbani, mpe maji ya kutosha." Basi. Kweli tupu, na haikusema chochote.

Unyoya alinitazama. Nikaona kiatu changu kina matope, nikainama kukifuta.

Jumapili, Aprili 13

Mji mzima unasema sindano isiyoliza haikingi. Nimelala vizuri.

Jumatatu, Aprili 14

Wamerudi kwangu!

Niliwakuta getini kabla ya mlinzi kufungua. "Mama Sindano, wa zamani ni dhahabu." "Mama Sindano, tusamehe, tulidanganywa na chai." Foleni imezunguka baraza, imepita vizazi na vifo, imepita dirisha linalovuja. Benchi la Unyoya tupu, kakaa peke yake na matone yanamdondokea begani. Mwenyeji ndiye niliyepona, si mgeni.

Nikachoma. Walilia, wanawake wakaitikia kwa kichwa, naam, hiyo imeingia. Nikachoma mpaka mchana.

Vidole sikuviangalia. Nilipaka wino juu ya chochote nilichokuta. Vingine vilikuwa vyekundu, vimesuguliwa kwa majivu na limau mpaka ngozi imechunika, na nilijua kwa nini vimesuguliwa, nikatazama pembeni. Wachache sana leo walikuwa wanachomwa mara ya kwanza. Kurudia hakuwadhuru, nilijiambia. Kweli, hakuwadhuru wao.

Mchana Unyoya kaja na barafu mpya ya kisanduku changu. Kaibadilisha, kisha kasema, polepole, wengine wasisikie, "Mama, wewe umeniona nikichoma. Tangu nije unanitazama. Kuna nilipokosea?"

"Mimi nilikuwa na foleni yangu," nikamwambia.

Akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye matone yake.

Jioni Bwana Afya kapita, kaona foleni haijaisha na chanjo za mjini zimekwisha. Kakuna kidevu. "Sikujua mjini wamebaki wengi hivi. Kesho tufungue fungu la Bondeni, mama, hatuna budi. La kwao tutaomba jingine."

Nikasema, "Haya."

Naliandika tena nilione: nikasema haya.

Jumanne, Aprili 15

Sijala, nimekaa na daftari moja kwa moja nilivyoingia.

Asubuhi kisanduku cha Bondeni kilikuwa juu ya meza yangu, kimeshakatwa utepe. Foleni kama ya jana. Nikasikia kilio kinatoka mbali, kinakaribia, kilio ninachokijua. Wanawake wakapisha njia. Mkwe huyo, kambeba Kasuku kama gunia la mkaa, mtoto kang'ang'ania nguzo ya geti mpaka mlinzi akamsaidia kumbandua vidole.

"Wapisheni, ni mjukuu wake," wakasema. Wakamweka mwanzo wa foleni.

"Mama," mkwe akasema, anahema, "tumekuja kwako. Mchome wewe mwenyewe. Yule alimgusa tu."

Tumekuja kwako. Msimu mzima nimeyasubiri maneno hayo. Na watu wote wamesimama wanasikia, na Unyoya kule chini ya dirisha anasikia pia.

Mkwe akamkalisha mbele yangu, akambana kama nilivyofundisha mji huu kubana watoto. Nikaushika mkono wa Kasuku. Kidole kidogo, kile alichokionyesha hadi kwa mlinzi, kilikuwa kibichi, kimesuguliwa mpaka damu inachungulia. Nikaishika sindano. Kasuku akaiona. Akafumba macho. Akaacha kulia ghafla, akajaza mashavu, midomo inatetemeka, kamasi zinashuka, akaanza kupuliza. Fuu. Fuu. Hakuna aliyemwambia. Alikuwa anajisaidia mwenyewe, maana aliyekuwa mbele yake alikuwa ni mimi.

Nikaiweka sindano chini.

"Mwachie," nikamwambia mkwe.

"Mama, usimwonee huruma, mchelea mwana kulia..."

"Nimesema mwachie! Huyu alishachanjwa. Sindano hii ni ya mtoto wa Bondeni, na kule surua ipo, ya kweli."

Zikaanza kelele. Nikapanda juu ya benchi. Mwanamke wa miaka yangu, juu ya benchi.

"Nyamazeni! Nani kati yenu amemtazama huyu mtu akifanya kazi? Mmetazama chai! Mimi nimemtazama mkono. Tangu mwezi wa tatu namtazama, kwa jicho bovu, kwa kijicho, kutwa nzima natafuta kosa moja tu nimpeleke kwa mkuu. Katika uwanja huu hakuna anayetaka aondoke kuliko mimi. Na sijaliona hilo kosa! Kila tone liliingia. Sindano zake nimezichungulia mpaka kwenye ndoo, zote zimejifunga. Haziumi kwa sababu anajua kuchoma. Za kwangu zinauma kwa sababu nilifundishwa kubana."

Mama Pacha akapaza sauti kutoka nyuma. "Na mwanangu mwenye vipele?"

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Nje. Anacheza na matope."

"Surua ya kucheza na matope umeiona wapi wewe? Ile ni chanjo inafanya kazi. Wengine hutoka vipele, wengine hawatoki."

"Sasa mbona Ijumaa hukusema?"

Hapo nilitaka kushuka.

"Kwa sababu mlikuwa mnamsema yeye," nikasema, "na mimi nilikuwa nasikia raha."

Mtu mmoja akacheka, mwingine akasema "Makubwa haya!", mwingine akasonya kwa nguvu, na ni haki yake. Mama Pacha akatikisa kichwa. "Mama Sindano, wewe nawe!" Walianza kuondoka, wengine wakininyooshea kidole. Nikawaambia kila mwenye kidole kilichosuguliwa aende nyumbani akakipake mafuta. Waliobaki kwa haki walikuwa wachache mno, na walikwenda kwa Unyoya. Niliwaelekeza mwenyewe.

Bwana Afya aliniita ndani. "Jana ulichoma wangapi waliokwisha kuchomwa?"

"Wengi. Sikutaka kuangalia."

Hakufoka, angefoka ningepumua. Kasema nitapata barua ya onyo na nimeistahili. Nikamwomba niwe wa kwanza kuvuka daraja likitokeza. Kasema nitavuka na Unyoya. Nani mwingine?

Nilipotoka Kasuku alikuwa bado kwenye benchi langu. Akafungua jicho moja. "Bibi, huchomi?"

"Sichomi."

Akateremka, akanipekua mfuko wa kulia, akanipekua wa kushoto. Akatoa pamba tu. Halafu akapanda mapajani kwangu, mzito, amelowa, ananuka limau na majivu. Nilikaa bila kujitikisa. Akaangalia upande wa pili akapunga mkono. "Unyoyaaa!"

Hata hapo, jamani. Hata hapo.

Ijumaa, Aprili 18

Daraja limetokeza jana, tumevuka leo kwa miguu, kisanduku kikiwa kichwani kwa Unyoya. Mkononi mwake ningemwachia hata yai. Tumechanja Bondeni nyumba hadi nyumba, mimi nikipima joto na kupaka wino, yeye akichoma. Chanjo zikaisha kabla ya nyumba za mwisho kabisa, karibu na mashamba.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama mlangoni na mtoto tayari kamvua shati. "Zimeishia wapi?" akaniuliza mimi.

Nikafungua kisanduku kitupu, nikakifunga tena. Unyoya akasema, "Zilitumika mjini, mama. Nyingine zinakuja, tutazileta wenyewe." Hakunitazama aliposema hivyo. Wema nao anao! Mtu atamshinda wapi?

Jumamosi, Aprili 26

Chanjo zimefika, tumezipeleka. Nyumba za mwisho watoto wote wamechanjwa, isipokuwa mtoto wa yule mwanamke, alikwishaanza homa na macho mekundu. Tumempa matone ya vitamini, tumempeleka hospitali. Nimekaa naye kitandani hadi wakanitoa.

Jumatano, Aprili 30

Yule mtoto amekula uji. Nimemshukuru Mungu kwa sauti mbele ya watu.

Leo kliniki niliwaambia wanawake, "Mkumbatie tu, usimbane." Waliangaliana. Mmoja akauliza kama naumwa.

Jumapili, Mei 4

Mvua imekatika. Mkwe kaja kunitembelea, safari hii Kasuku kaingia mbele, hodi kapiga mwenyewe. Mdoli wa kitambaa mkononi, mkono wa mdoli umetobolewa matundu mengi.

"Mgonjwa huyu," akasema. "Na wewe Bibi, mgonjwa. Kaa."

Nikakaa mkekani. Akachukua njiti ya ufagio, akaitazama kwenye mwanga kama mtu anayejua. Akanikunja mkono wa gauni. Vidole vyake vidogo vikanishika bega, vyepesi, kidole kimoja bado kina kovu.

"Bibi, nipulizie chai yangu, ina moto."

Machozi yalinitoka, sijui hata yalitokea wapi. Mkwe akageukia dirishani.

"Usilie, Bibi. Bado sijachoma."

"Nani kakufundisha haya yote?" nikauliza, na jibu nalijua.

"Unyoya."

Roho ikanichoma. Kidogo tu, ikaingia ikatoka.

"Puliza, Bibi!"

Nikapuliza.